Nani wa Mwisho Hapa?

Copenhagen

Pale Kongens Nytorv, uwanja mkubwa wa katikati ya mji, kipo kibanda cha simu cha miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Siku hizi ndani yake wanauza kahawa. Watu watatu walikuwa mbele yangu, na hakuna aliyeuliza nani wa mwisho, wala aliyemwachia mwenzake mkoba akisema "nishikie nafasi, narudi sasa hivi". Daftari hili linaanzia hapa kwa sababu hesabu za foleni zilizaliwa katika mji huu, na zilizaliwa kwa ajili ya simu.

Mwenye nazo ni Agner Krarup Erlang, mwalimu wa shule aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Wakazi walizoea kumwona akipita mitaani na kibarua aliyebeba ngazi, maana alikuwa akishuka kwenye mashimo ya nyaya kupima umeme unaovuja. Lakini swali lililomweka kwenye historia lilikuwa la ofisini. Mji una maelfu ya wateja wa simu, na kila laini inayotandazwa ni pesa. Wateja hawapigi wote kwa pamoja, ila hakuna ajuaye nani atapiga saa ngapi na ataongea kwa muda gani. Basi ziwekwe laini ngapi?

Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu zinaingia kwa bahati tupu, kila moja bila kujua habari za mwenzake, na kwamba bahati hiyo ina kanuni zake. Mwaka 1917 akatoa fomula ambazo mafundi wa mitandao ya simu wanazitumia hadi leo wanapopanga mnara utabeba maongezi mangapi, uwe Denmark au Tabora. Mzigo wa simu wenyewe hupimwa kwa kipimo kinachoitwa jina lake.

Nimezifanya hesabu zake kwenye karatasi ya kufutia mikono ya kile kibanda, kwa mfano mdogo. Chukua mzigo ambao kwa wastani unashika laini 10 kwa wakati mmoja. Ukiweka laini 10 kamili, zaidi ya mteja mmoja kati ya watano atakuta zote zimeshikwa. Ukitaka anayekwama awe chini ya mmoja kati ya mia, weka laini 18. Mhasibu ataziangalia zile nane na kuuliza kwa nini zinakaa bure nusu ya siku. Swali lake ni halali, na jibu lake halimo katika vitabu vyake, kwa sababu muda wa mteja aliyekwama hauandikwi popote.

Jambo la pili likanishangaza zaidi. Ugawe mzigo ule nusu kwa nusu kati ya kata mbili, kila kata na laini zake yenyewe. Kwa sharti lilelile la mmoja kati ya mia, kila moja itahitaji laini 11, jumla 22. Watu ni walewale, maongezi ni yaleyale, lakini kwa kuwatenga umeongeza gharama ya laini nne, kwa sababu laini iliyo wazi upande huu haiwezi kumsaidia aliyekwama upande ule. Kila ofisi yenye madirisha matano na mistari mitano inalipa gharama hiyo. Mstari mmoja unaolisha madirisha yote, au mashine ya namba, huifuta bila kuajiri mtu hata mmoja.

Metro ya hapa haina dereva, ilifunguliwa 2002, na inatembea usiku na mchana. Sikuwahi kutazama ratiba. Wadenmark wenyewe si wavumilivu kuliko sisi: treni ikichelewa kidogo wanahema na kutazama saa kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Tofauti ni kwamba mji wao umeamua kulipia nafasi tupu ili watu wasisubiri. Wetu, Dar es Salaam, bado unaiona nafasi tupu kuwa ni uzembe.

Dar es Salaam

Nyumbani mambo huanzia dirishani. Tuchukue ofisi yoyote yenye mhudumu mmoja, anayetumia wastani wa dakika 6 kwa mteja. Maana yake ana uwezo wa wateja 10 kwa saa. Wateja wanaingia bila mpangilio, na shughuli zao hazilingani: mmoja anatoa hela tu, mwingine amekuja na mfuko wa makusanyo ya duka. Wakija 5 kwa saa, kila mmoja atasubiri wastani wa dakika 6 kabla ya kuhudumiwa. Wakija 8, dakika 24. Wakija 9, dakika 54. Wakija tisa na nusu, yaani 19 kwa saa mbili, dakika 114.

Nimeiandika tena safu hii pembeni ya ukurasa ili niizoee: 6, 24, 54, 114. Kati ya wateja 8 na tisa na nusu kwa saa, meneja anayesoma ripoti ya mwezi hataona ajabu yoyote. Aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ataiona vizuri sana. Na ajabu kubwa zaidi ni kwamba, hata watu wanaposubiri karibu saa mbili, mhudumu yule bado ana wastani wa dakika 3 katika kila saa ambazo hana mteja. Akionekana anachezea simu katika dakika hizo tatu, ndiye atakayetukanwa kwamba foleni ni kosa lake.

Dawa tunayoizoea ni kuongeza mlinzi mlangoni. Mlinzi hupanga watu. Hapunguzi dakika hata moja. Dawa mojawapo iliyo rahisi ni kusawazisha shughuli: kama kila mteja angechukua dakika 6 kamili, wale 9 kwa saa wangesubiri dakika 27 badala ya 54. Ndiyo sababu dirisha la wenye mafurushi ya hela likitengwa, hata wasio na mafurushi hupumua. Nalo wimbi la mawakala wa pesa za simu, lililoanzia Kenya mwaka 2007 na M-Pesa na kuvuka kwetu mwaka uliofuata, limeondoa kwenye kumbi za benki watu wengi wa shughuli ndogo.

Barabarani hesabu hubadilika sura. Kwenye njia yoyote ya mabasi, tuseme yanapita matatu kila nusu saa. Yakipishana kwa dakika 10 sawasawa, anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 5. Yakija yote matatu kwa mkupuo, wastani unakuwa dakika 15. Mafuta ni yaleyale, madereva walewale. Na mkupuo haufanywi na mtu mbaya. Basi lililochelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linachelewa zaidi kuwapakia. La nyuma yake linakuta wachache na kulikaribia. Baada ya vituo kadhaa yanaongozana. Mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016 kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni na Morocco, ulijengwa na tiba mbili za ugonjwa huu: barabara yake yenyewe, na tiketi kukatwa kituoni badala ya ndani ya gari. Tiba ya tatu haihitaji zege. Ni mtu mwenye saa na redio anayethubutu kulizuia basi la nyuma lisubiri dakika mbili kituoni, abiria wakimpigia kelele.

Kwenye daladala abiria wamejitungia tiba yao, inaitwa kugeuza na gari. Jioni, badala ya kusubiri mwanzo wa njia, unapanda gari lile lile linapokuja, vituo viwili au vitatu kabla, unakwenda nalo hadi mwisho na kugeuka nalo ukiwa umekaa. Unalipa nauli mara mbili. Ukitaka kujua mtu wa Mbagala anauthamini muda wake na miguu yake kwa shilingi ngapi, huhitaji utafiti, muulize konda.

Magogoni ndipo nilipokaa zaidi, kwenye benchi, nikiangalia pantoni. Kivuko hiki hakihudumii mtu mmoja mmoja. Kinachukua kundi zima kwa pamoja. MV Magogoni ilijengwa kubeba watu wapatao 2,000 na magari 60, na MV Kigamboni na MV Kazi ni ndogo, watu 800 kila moja. Mtu yeyote ukimuuliza atakwambia chombo kikubwa ndicho kinachomaliza foleni. Tujaribu. Chombo cha watu 2,000 kikiondoka kila nusu saa kinaweza kuvusha watu 4,000 kwa saa. Chombo cha watu 800 kikiondoka kila dakika 12 kinavusha idadi ileile. Waje watu 3,000 kwa saa: kwa chombo kikubwa kila mtu anasubiri wastani wa dakika 15, kwa vidogo dakika 6. Sisemi vidogo ni rahisi. Vinataka mabaharia zaidi, mafuta zaidi na gati isiyo na gari lililozimika katikati ya njia. Ninachosema ni kwamba chombo kikubwa kinaokoa gharama za mwenye chombo, na dakika tisa kwa kila kichwa zinahamia kwa abiria.

Halafu tazama upande wa pili. Mlango wa pantoni ukishuka Kigamboni, watu 2,000 wanamwagika kwa mara moja juu ya daladala na bajaji zilizokuwa zimelala. Foleni iliyokuwa Magogoni haikwisha, imevushwa. Bajaji zinapandisha bei kwa dakika kumi, kisha madereva wanarudi kucheza bao. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Kurasini mwaka 2016, liliwapunguzia wenye magari. Anayekwenda Posta kwa miguu bado ni mtu wa pantoni.

Kuhusu askari wa usalama barabarani nina la kuwatetea. Wanapozima taa na kushika njia panda kwa mikono, wakiruhusu upande mmoja kwa muda mrefu, tunawalaani. Lakini kila unapobadili upande kuna sekunde zinazopotea, magari yakisita na mengine yakimalizia kupita. Barabara ikiwa imejaa, kubadili upande mara kwa mara kunazipoteza nyingi. Mwingereza F. V. Webster alitoa fomula mwaka 1958 ya mzunguko mzuri wa taa. Ukiweka sekunde 10 zinazopotea kwa kila mzunguko, njia panda iliyofikia asilimia 80 ya uwezo wake inataka mzunguko wa sekunde 100. Ikifika asilimia 90, sekunde 200. Kwa hiyo askari anapoongeza muda jioni, yuko sahihi. Anapoushika upande mmoja dakika kumi, amempita Webster mbali mno, na magari ya upande wa pili yameshafunga njia panda ya nyuma yake.

Kabla sijaondoka mjini nilimsindikiza ndugu kliniki, hospitali ambayo sitaitaja. Wote, kama watu 60, tuliambiwa saa moja asubuhi. Daktari huanza na wagonjwa wa wodini, kwa hiyo anafika kliniki mnamo saa tatu, na wa mwisho kwenye benchi anamwona saa nane. "Mama, wewe ni wa nyuma ya nani?" ndiyo namba yetu ya foleni. Tatizo hili lilichambuliwa Uingereza mwaka 1952 na Norman Bailey, aliyeshauri jambo jepesi: waite wagonjwa wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa nafasi inayolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa. Daktari hakai bure, kwa kuwa daima kuna mtu akiba, na ukumbi haujai. Kuwaita wote saa moja kunampa daktari akiba ya watu 60 anapohitaji mmoja au wawili. Nesi niliyemweleza hayo alicheka, akasema wakipewa saa nne watakuja saa kumi na mbili vilevile, kwa sababu hawaamini. Hapo Bailey hana fomula. Imani hiyo italazimika kujengwa mwezi kwa mwezi, kwa kuwaita watu saa waliyoahidiwa.

Likoni

Basi kutoka Tanga linapita Horohoro, Lunga Lunga, Ukunda, kisha barabara inaishia majini. Abiria tulishuka tukaingia feri kwa miguu. Upana wa maji ni kama nusu kilomita, na umati unaoyavuka asubuhi unaelekea kisiwani Mombasa, jioni unarudi. Mombasa na Dar zimepewa na Mungu tatizo moja: kivuko cha watu kinakatiza mlango wa bandari. Meli kubwa ikiingia Kilindini, feri inasubiri. Meli ikiingia Dar, pantoni inasubiri. Kwa hesabu za foleni meli ni mteja wa kipaumbele, na usumbufu wake hauishi anapopita. Dakika kumi za kusimama katika saa yenye watu wachache hazina madhara. Dakika hizohizo saa moja asubuhi, kivuko kikiwa kimekaribia ukomo wake, zinabaki kwenye foleni hadi jua limepanda, maana hakuna nafasi tupu ya kufidia.

Huku mwenda kwa miguu halipi. Magogoni analipa nauli getini, na geti lile linafanya kazi ambayo halikukusudiwa: linawachuja watu, wanaingia ukumbini mmoja mmoja. Likoni umati unaingia kama ulivyo, na kazi ya kuuchuja ni ya askari na kamba. Sipendekezi nauli iwekwe. Nauli ingemwangukia kibarua wa Mtongwe anayekwenda kupakua mizigo. Ila geti linalohesabu vichwa halihitaji kutoza pesa, na hesabu ya vichwa hapa ni suala la uhai. Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko jirani, ilizama ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272. Chombo kinachobeba kundi kina ukomo, na anayebaki gatini akiona kinaondoka ana kila sababu ya kuruka ndani.

Mwaka 2021 wenda kwa miguu walianza kutumia daraja la kuelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu, lililojengwa haraka wakati wa Korona ili kupunguza msongamano. Magari nayo sasa yana njia ya kuzungukia Dongo Kundu. Dereva wa teksi aliniambia haelewi: "Bro, magari yaliyohamia kule si mengi, mbona hapa pamekuwa pepesi hivi?" Nikamwonyesha safu yangu ya 6, 24, 54, 114, nikamwambia aisome kinyumenyume. Penye msongamano, ukiondoa kidogo unapunguziwa kingi.

Nairobi

Nilipita tu, lakini stejini kuna somo. Matatu ya viti 14 haiondoki mpaka ijae. Abiria wakifika mmoja kwa dakika, wa kwanza atakaa dakika 13 na wa mwisho hatakaa hata moja. Kila mwenye akili, basi, anataka kuwa wa kumi na nne. Wote wakifanya hivyo gari halijai kamwe. Ndiyo maana wapo vijana wanaolipwa kukaa ndani wakijifanya abiria, wakiwa hata na begi mapajani, kisha wanashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Nilikuwa nikiuona ni ulaghai mtupu. Ukiuangalia kwa jicho la hesabu, makanga analipia uongo mdogo ili kuvunja mkwamo ambao usingevunjika wenyewe. Aliyeingia akidhani gari limejaa anaendelea kusubiri, na ndiye anayeulipia.

Namanga

Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Desemba 2018. Zamani uligonga mhuri wa kutoka upande mmoja, ukavuka kwa miguu, ukapanga tena upande wa pili wa kuingia. Sasa maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, katika nchi unayoingia. Foleni mbili zilizofuatana zimekuwa safari ya hatua chache kutoka dirisha hadi dirisha, na gari linasimama mara moja.

Basi, hata hivyo, lina adhabu yake, ambayo wenye magari madogo hawaijui. Abiria 50 wanashuka kwa pamoja, madirisha matano, dakika mbili kila mmoja: dakika 20 zinatosha kuwamaliza. Lakini basi haliondoki kwa wastani, linaondoka kwa mtu wa mwisho. Mmoja akikosa cheti cha homa ya manjano, au pasipoti yake ikabaki na miezi michache kuisha muda, abiria 49 wanakuwa foleni yake. Kondakta anahesabu vichwa mara mbili, anajua ni nani, na anajua hawezi kumwacha. Uzoefu umemfundisha hatua ambayo ningeiandika kwenye kila mpaka: mapema kabla ya Namanga, gari likiwa linatembea, alipita viti vyote akikagua karatasi, na wenye matatizo akawahamishia siti za mbele ili washuke kwanza.

Kwenye maegesho ya malori nilimuuliza dereva mmoja, mtu mzima, atavuka saa ngapi. Alijibu bila kalamu: "Kijana wangu, hesabu yaliyo mbele yangu, muulize yule wa getini yanatoka mangapi kwa saa, gawanya." Malori 120 mbele na 10 yakitoka kila saa, ni saa 12. John Little, Mmarekani, alithibitisha mwaka 1961 kwamba kugawanya huko ni halali karibu katika foleni ya aina yoyote, iwe na vipaumbele au fujo, mradi kwa muda mrefu wanaoingia walingane na wanaotoka. Mzee huyu hakumhitaji. Aliniambia mpaka wa Tunduma ndiko kuna kazi, na kwamba hata mizani za malori barabarani zinatofautiana. Vigwaza, kabla ya Dar, lori linapimwa kwanza likitembea, na linaloonekana kuzidi tu ndilo linalovutwa kando kwenye mizani ya kusimama. Mashine ya haraka inachambua, ya polepole inabakiwa na wachache. Zile kliniki za saa moja asubuhi zingefaidika na mizani ya namna hiyo: anayekuja kuchukua dawa zilezile za mwezi uliopita asipange mstari mmoja na anayeonwa kwa mara ya kwanza.

Longido

Hapa basi lilisimama kwa pancha, nami nikasogea kwenye kioski cha maji. Foleni ilikuwa ya madumu, wenyewe wamekaa kivulini. Kila mmoja analijua dumu lake kwa kamba ya rangi au kwa kifuniko, na hakuna anayesogeza la mwenzake nyuma. Kijana wa mkokoteni alikuwa amefika wa kwanza, na madumu 20. Nyuma yake akina mama wanne, dumu moja kila mmoja.

Bomba linajaza dumu kwa kama dakika moja. Kwa haki ya aliyetangulia, kijana anaanza mara moja, akina mama wanasubiri dakika 20, 21, 22 na 23: jumla ya dakika 86 za kusubiri. Wakitangulia akina mama, wao wanasubiri 0, 1, 2 na 3, kijana dakika 4: jumla 10. Mama mmoja alisimama, akasema "mwanangu, tupishe wa dumu moja", kijana akasogeza mkokoteni kabla hajamaliza kusema. Ndiyo kanuni ya pale, na kwa hesabu ni bora kuliko zote: mwenye kazi fupi atangulie.

Kasoro yake nilielezwa na kijana mwenyewe, tena kabla sijauliza. Wenye dumu moja hawaishi. Wanne wakimaliza wamekuja watatu, na kila mmoja ni mama wa mtu. Siku za kiangazi aliwahi kushinda pale hadi mchana bila kujaza hata dumu moja, naye maji ndiyo biashara yake, ana hoteli mbili zinazomsubiri. Wakaelewana na mwenye kioski: akishawapisha watano, anajaza madumu kumi bila kukatizwa, kisha watano wengine. Akina mama walilalamika wiki ya kwanza. Sasa wanamhesabia wenyewe, kwa sauti, na akijaribu kupachika la kumi na moja wanafunga bomba.